Picha za simba, chui na duma: kimo cha lenzi kutoka ardhini na jicho la mnyama

Picha nyingi za simba wa Seronera, katikati ya Serengeti, huharibika kabla hata kamera haijawashwa, pale mpiga picha anaposimama kwenye paa lililoinuliwa la Land Cruiser. Huko juu lenzi iko kama mita 2.3 kutoka ardhini. Jicho la simba aliyejilaza akiwa ameinua kichwa liko kama sentimita 60. Akiwa mita 10 kutoka kwako, unamtazama kwa mteremko wa karibu nyuzi 10: utosi na mgongo vinajaa picha, nyasi zinamzunguka kama zulia, na dume zima linaonekana kama paka wa kibarazani.

Kaa kwenye kiti upigie dirishani, lenzi ishuke hadi kama mita 1.5. Kisha mwombe dereva asimamishe gari mita 30 kutoka kwa mnyama, nawe utumie lenzi ya milimita 500 au 600. Mteremko sasa hauzidi nyuzi 2, na nyasi za nyuma zinalainika na kubaki rangi tupu. Wageni wengi humsukuma dereva asogee, asogee tena, kumbe kila mita wanayosogea inaongeza mteremko.

Wakati mwingine ardhi yenyewe inakusaidia. Duma aliyeketi juu ya kichuguu cha mita moja, jicho lake linakaribia mita 1.8, kwa hiyo hapo paani panafaa. Chui aliye juu ya mti ni kinyume: rudi nyuma kadiri barabara inavyoruhusu, la sivyo utapiga kidevu na tumbo. Nyuma yake pakiwa na anga nyeupe, ongeza mwanga kwenye kamera kwa hatua (stop) 1 hadi 1.7, maana kamera ikiachiwa iamue yenyewe itampiga mweusi kama mkaa.

Egemeza lenzi kwenye mfuko wa kitambaa uliojazwa kama kilo 2 za maharage au mchele, uutandaze juu ya kioo kilichoshushwa. Injini izimwe, na wenzako garini wakae kimya bila kujigeuzageuza, kwa sababu mtikisiko mdogo tu hukuzwa na lenzi ndefu. Simba aliyetulia anatoshwa na kasi ya 1/500 ya sekunde, anayetembea, 1/1000, duma anayekimbia, 1/2500 au zaidi. Usipige picha lenzi ikipita juu ya boneti yenye moto. Hewa inayopanda pale hutetemesha picha, na utailaumu lenzi bure.

Sasa jicho. Weka nukta moja ya fokasi, yaani mahali kamera inapolenga ukali wa picha, kwenye jicho lililo karibu nawe zaidi. Kwa lenzi ya milimita 400, tundu lake likiwa f/5.6, mnyama akiwa mita 10, eneo lenye ukali lina kina cha sentimita 20 hivi, nusu mbele na nusu nyuma ya ulipolenga. Fokasi ikishika pua ya dume, macho yamekwenda. Kamera inayotafuta macho yenyewe ni msaada mkubwa, lakini kwenye nyasi ndefu hurukia unyasi ulio mbele. Unyasi mmoja ukikata mboni, usisubiri upepo: gari lisogee nusu mita.

Simba anaweza kuelekeza uso kwako huku anatazama pundamilia walio nyuma ya gari. Kuza picha kwenye kioo cha kamera ulinganishe mboni zote mbili. Akikutazama wewe, mboni hukaa katikati ya macho yote mawili, na nukta ya mwanga huonekana mahali pamoja kulia na kushoto. Nukta hiyo ndiyo uhai wa picha. Jua likipanda, kivuli cha paji huifuta na mboni hubana kuwa tundu dogo, kwa hiyo fanya kazi kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi na nusu jioni.

Kichwa kikigeuka nusu, jicho la mbali ama lionekane lote ama lisionekane kabisa. Lile linalokatwa na ukingo wa pua linavuruga uso, hasa wa duma, ambaye michirizi myeusi ya machozi huvuta macho ya mtazamaji hapo hapo. Akitazama pembeni, acha nafasi upande anaoutazama.

Mtazamo wa moja kwa moja haudumu, mara nyingi ni sekunde 2 au 3 tu, kwa hiyo uwe tayari kabla. Simba aliyelala akipiga miayo mara mbili tatu mfululizo, huenda anakaribia kuinuka, na kichwa kikija juu macho hufunguka yote. Usipige mluzi wala kugonga mlango ili akutazame. Ni kumsumbua, na picha unayopata ni ya mnyama aliyeshtuka: masikio yamelala, kichwa kimeshuka chini ya mabega. Masikio yakilala na mkia ukianza kuchapa huku na huku, mwambie dereva aondoke taratibu. Duma anayewinda muachieni nafasi kabisa. Gari likikaa kati yake na swala, amekosa chakula, na huenda ana watoto wanaomsubiri kichakani.