Vitanda vya stoo, kabati za oda: kugawa kazi kwenye karakana ya mbao Mwanza

Tuchukue karakana ya mafundi 3 inayouza vitanda 4 kwa wiki na kupokea oda za kabati.

Hatua ya 1: weka stoo kinachofanana. Kitanda cha 4 kwa 6, 5 kwa 6 na 6 kwa 6 vyote vina mbavu (mbao mbili za ubavuni) za futi 6. Basi mbavu ndizo za kutengeneza mapema. Toboa matundu ya bolti kwa kigezo kimoja cha plaiwudi. Ukipima kwa futikamba kila mara, mbavu za leo hazitaingia kwenye kichwa cha wiki ijayo. Zipange juu ya vijiti, zisiguse sakafu, la sivyo masika yatazipinda. Vanishi isubiri mteja achague rangi, maana kuikwangua ni kazi mara mbili. Vichwa navyo visubiri, kila mtu ana ua lake analotaka lichongwe. Chaga usikate: ubao wa futi 12 ukishatoa chaga za futi 5, mteja wa 6 kwa 6 humsaidii tena.

Hatua ya 2: kiwango cha kuagiza. Mbao kavu zikichukua wiki 2 kufika na kurandwa, utahitaji jozi 8 za mbavu. Ongeza 3 za tahadhari. Zikishuka hadi 11, agiza.

Hatua ya 3: gawa siku. Mafundi 3 kwa siku 6 ni siku 18 za fundi. Vitanda vipe 8, oda 8, mbili ziachie umeme kukatika na marekebisho. Kabati inayokula siku 5 ikishaingia, ya pili inapata 3 tu na kumalizika wiki inayofuata. Mteja akisema "fundi, Jumamosi nipate", fungua daftari kwanza, advansi baadaye. Na advansi hiyo ifunike mbao, bawaba na vitasa vyote. Ikipungua, unajenga kabati kwa pesa ya vitanda. Karakana nyingi hukwama hapa: oda ya haraka hula siku za stoo, kisha mbavu "zinaazimwa" kuwa rafu.

Hatua ya 4: tazama mwezi angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali pesa ya wateja wa visiwani hupungua. Tumia siku hizo kujaza stoo. Kitanda cha kuvuka ziwa kiende kimefunguliwa, bolti zake 8 kwenye kifuko kilichofungwa ubavuni. Zikibaki Kirumba, hapa Mwanza, kule Nansio kisiwani Ukerewe kitanda hakisimami.