Sindano za wiki sita: namna ya kujipanga

Mimi ni fundi cherehani, sindano nazishika kutwa. Ila siku mtoto wangu wa kwanza alipofikisha wiki sita niligeuzia uso ukutani. Alichomwa chanjo mbili, moja kila paja, juu yake akapewa matone. Usiku akachemka, nikalia kuliko yeye. Wa tatu amezipata juzi na nililala. Safari hii nilijua kinakuja nini na kinakuja lini.

Maandalizi huanza jana yake. Kadi ya kliniki iweke kwenye pochi kabla hujalala. Mvalishe mtoto nguo inayofunguka miguuni kwa haraka. Zile ovaroli zenye vifungo kumi na viwili (nazishona mwenyewe, nasema kwa kujilaumu) ziache. Akiwa na mafua kidogo nenda naye, mweleze nesi, ataamua yeye. Mafua ya kawaida hayazuii chanjo.

Ulizia mapema siku ya surua, ile ya miezi tisa. Na wa pili nilirudishwa nyumbani, nikaambiwa nije Alhamisi, nikanuna wiki nzima. Baadaye nesi mwingine akanifungua macho: kichupa kimoja cha surua na rubela ni cha watoto kumi, na kikishachanganywa kinadumu saa sita tu, kinachobaki kinatupwa. Kwa hiyo wanangoja watoto wafike kadhaa. Wangenieleza siku ile ile nisingewatukana moyoni.

Ukiingia chumbani, omba uone kichupa. Kina alama ya duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukifanana rangi na duara, au ukiwa mweusi zaidi, hiyo haitumiki. Nilidhani nesi atanikasirikia. Alikisogeza dirishani nione vizuri, akasema, "Mama, wangeuliza wote hivi."

Akichomwa, mpakate kifuani, umnyonyeshe hapo hapo. Halafu usinyanyuke kabla hujauliza dawa ya homa apewe kiasi gani kwa uzito wake. Mwambie nesi aandike. Usimpe kabla ya sindano.

Homa ya sindano hizi huja siku hiyo au kesho yake, na kwa kawaida siku mbili haimalizi. Ya surua hukawia, yaweza kuja baada ya wiki moja hivi, pengine na vipele, wakati umeshasahau kabisa. Mnyonyeshe mara kwa mara, mpunguzie nguo. Paja likivimba, weka kitambaa cha maji ya baridi. Mama mkwe alikuja na beseni la maji ya moto amkande mtoto.

"Mama, nesi kasema baridi."

"Huyo nesi kazaa wangapi?"

Tulicheka. Maji akaenda kuoga mwenyewe.

Na ile ya begani ya kuzaliwa, ya kifua kikuu: baada ya wiki chache hutoka kijipu, hutoa usaha, kinakauka, linabaki kovu. Usikikamue, usikipake chochote, hata majivu ya bibi.

Kinachonitoa nyumbani mbio, hata usiku wa manane, ni degedege, kupumua kwa shida, kukataa ziwa, kulegea, kilio cha mfululizo kwa zaidi ya muda wa saa tatu, au homa kali au isiyoshuka. Hapo usingoje kuche.

Habari ya chanjo kufunga kizazi huletwa kibandani kwangu kila mwezi, na vitenge. Simbishani mteja. Nampandishia mkono wa blauzi aone kovu la utotoni, kisha namwonyesha watoto watatu wanaokanyaga vitambaa vyangu. Aliyeleta habari naye mara nyingi ana kovu, na ana watoto.

Ukipitwa na tarehe, usijifiche kwa kuogopa kufokewa. Nenda na kadi. Wanaendelea pale ulipoishia, hawaanzi upya, na katika kliniki za serikali chanjo hizi hazilipiwi. Mimi tarehe ya kurudi naiandika kwa chaki ukutani, juu ya cherehani, pembeni ya vipimo vya wateja. Ya sasa inasomeka: kiuno 32, mkono 22, mtoto Jumanne.