Somo: Betri inaisha chaji usiku gari likiwa limezimwa

Jioni gari limezimwa likiwa zima, asubuhi ukizungusha ufunguo unasikia tik-tik-tik tu. Mwenye gari ananunua betri mpya, wiki ya pili yanarudi yale yale. Niliwahi kuletewa gari lililokwisha kubadilishwa betri mbili, na zote mbili zilikuwa nzima. Inaniuma mtu akilipia kifaa kisicho na kosa.

Kwanza jiridhishe na betri yenyewe. Ikiwa imejaa na kupumzika saa kadhaa inasoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni kama nusu. Injini ikiwaka soma tena, utarajie 13.8 hadi 14.7. Magari mapya ambayo chaji inaongozwa na kompyuta huweza kushuka chini ya hapo kwa muda, kwa hiyo washa taa kubwa na feni usome upya kabla ya kuilaumu alternata, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka. Hapo pakiwa sawa, kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limelala.

Hatua ya 1: Laza gari, yaani uziache kompyuta zake zizime zenyewe. Fungua boneti na mlango wa upande wenye boksi la fyuzi, kisha sukuma loki zake kwa bisibisi mpaka zijifunge, ili gari liamini kila kitu kimefungwa. Funga kwa rimoti. Kama ufunguo ni wa kuhisiwa kwa mbali, upeleke mita kadhaa kutoka kwenye gari.

Hatua ya 2: Unganisha mita ya kupimia umeme bila kukata umeme wa gari. Hapa ndipo wengi tunapoharibu kazi. Ukichomoa terminali ya hasi na kuirudisha, kompyuta zote zinaanza upya, na ile iliyokuwa imegoma kulala inaweza kulala vizuri. Utapima, utaona hakuna tatizo, gari litarudi baada ya siku tatu. Kwa hiyo chukua waya wenye vibanio, bana upande mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri na mwingine kwenye kebo yake, ndipo unyanyue terminali. Weka mita kwenye tundu la ampea 10, ncha moja kwenye kebo na nyingine kwenye nguzo. Waya uache palepale mpaka gari lilale, la sivyo gari likishtuka litaunguza fyuzi ya mita.

Hatua ya 3: Subiri. Dakika 20 hadi 40, mengine saa nzima. Kisha toa waya usome. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Betri ya ampea-saa 60 ikiliwa miliampea 50 itachukua siku 25 kufika nusu. Ikiliwa 600 ni siku mbili tu.

Hatua ya 4: Pima fyuzi bila kuzichomoa. Badala ya ampea, weka mita nyingine kwenye milivolti, gusa vile vitundu viwili vya chuma mgongoni mwa kila fyuzi. Isiyopitisha umeme inasoma 0.0. Fyuzi ndogo ya ampea 10 ikionyesha milivolti 1, takriban miliampea 130 zinapita.

Lile gari la betri mbili lilisimama kwenye ampea 0.62 na halikushuka. Fyuzi moja ya mfumo wa milango ilinipa milivolti 4.6. Nilipofuata mchoro wa nyaya nilifika kwenye loki ya buti: maji yalikuwa yameingia, swichi yake ndogo imeota kutu ya kijani, na kompyuta ya milango ilikesha ikiamini buti liko wazi. Nilipochomoa soketi yake mita ikashuka hadi 0.03.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mimi huchomoa fyuzi moja moja mpaka ampea zishuke. Kuna ubaya gani?*
Kwenye magari ya zamani hakuna. Kwenye haya mapya, ukirudisha fyuzi unaamsha kompyuta, inabidi usubiri tena nusu saa. Ukiwa na fyuzi 60, siku imekwisha.

*Nimepima fyuzi zote, hakuna hata moja inayosoma, lakini mita bado inaonyesha 0.4.*
Basi umeme unapita njia isiyo na fyuzi ulizopima. Anza na alternata: diodi yake (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyovuja hula umeme injini ikiwa imezimwa. Zima mita, toa hasi ya betri, fungua kebo nene ya alternata uikinge kwa mpira, kisha pima upya. Angalia pia vifaa vilivyoongezwa baadaye, kama kifaa cha kufuatilia gari au kamera, maana mara nyingi huungwa moja kwa moja kwenye betri.

*Mwalimu, kile kifaa kidogo cha kusoma kodi za hitilafu za gari nikikiacha kwenye soketi yake kina madhara?*
Kinaweza kuzuia gari lisilale. Kichomoe kabla ya hatua ya 1. Nimeona magari yaliyopona kwa hilo peke yake.

*Haiburidi, gari la injini na mota ya umeme, nayo tunafuata hatua hizi?*
Kwa betri yake ya volti 12, ndiyo, zilezile. Mara nyingi iko kwenye buti, kwa hiyo loki ya buti nayo uifunge kwa bisibisi. Kebo za rangi ya chungwa usiziguse kabisa. Hizo ni za volti mamia, zina mafunzo yake.