Kuja Gazi kupanda mikoko: angalia mwezi kwanza, basi utalikodi baadaye

Kila ikikaribia tarehe 26 Julai, ile siku ya mikoko duniani, hamu inawashika watu, shule inataka kuja, kampuni inataka kuja, vijana wa kanisa kutoka bara wanataka kuja, na wote wanataka Jumamosi moja tu wapande, wapige picha, jioni wawe njiani kurudi. Karibuni sana jamani, ila bahari haijui Jumamosi. Mnaweza kufika saa nne asubuhi na tishati zenu mpya mkute maji yamejaa mpaka kifuani pale mlipopangiwa kupanda, mkakaa kivulini mnakula viazi vya karai hadi jioni. Sasa hebu tupange vizuri.

Kwa asiyejua, Gazi iko Kwale, ukivuka feri ya Likoni unashika barabara ya Lunga Lunga, unapita Ukunda, kabla hujafika Msambweni unashuka unachukua boda kuingia kijijini. Miaka ya 70 mikoko ya hapa ilifyekwa ikawa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, sehemu zingine zikabaki matope matupu, mpaka watu wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wanakijiji wakaanza kurudishia kwenye miaka ya 90. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, vijiji viwili, Gazi na Makongeni, wanatunza hekta 117 na wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inainyonya na kuihifadhi, kama tani 3,000 kwa mwaka, na huo ndio mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza kaboni ya mikoko. Hela ikija wanakijiji wanakaa kikao wanaamua iende wapi, imeshaleta maji ya bomba, imeshanunua vitabu vya shule. Kwa hivyo ukija kupanda usidhani umekuja kuwafundisha watu kupenda miti, umekuja kusaidia kazi ambayo ina hesabu zake na wenyewe.

Haya, maji. Kuna bamvua na kuna maji mafu, yale ambayo hayajai sana wala hayatoki sana. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na kwa pwani yetu hii siku za bamvua maji yanakuwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, yanajaa saa kumi jioni. Hiyo ndiyo siku yenu. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50, kwa hivyo siku mbili tatu baada ya bamvua bado mnaweza, mtaanza tu kuchelewa kidogo, lakini wiki moja baadaye mambo yamegeuka, saa nne asubuhi ndio maji yamejaa. Ukiwa na kalenda yoyote ya Kiislamu ukutani umeshamaliza kazi, tafuta mwezi mosi na tarehe 14, 15, hesabu kuanzia hapo, halafu ndio umpigie mwenye basi. Ingieni matopeni saa mbili na nusu hivi maji yakiwa bado yanatoka, mkifika saa sita kasoro mnaanza kutoka, msingoje maji yarudi yawafuate, manake kwenye mikoko hayaji kwa mawimbi ukayaona, yanapanda tu kimyakimya kwenye vijito, unageuka unakuta njia uliyojia haipo.

Usijipangie mwenyewe pia. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, iko chini ya KFS, shirika la misitu la Kenya, na jamii inashirikiana nao kupitia chama cha jamii cha misitu, kwa hivyo mtu hawezi kujitokea na gunia la mbegu akachomeka anapopenda. Wasiliana na mradi wiki kadhaa kabla, sema mko wangapi, umri gani, mna masaa mangapi, na waulize swali moja ambalo wageni wengi hawaulizi: kuna kazi gani inayotakiwa sasa hivi? Huenda wakakwambia hatuna haja ya kupanda, tunataka watu wa kuhesabu miche ya mwaka jana, au kujaza vifuko kwenye nasari, yaani kitalu cha miche, au kutoa nyavu na taka zilizonasa kwenye miche. Kubali tu. Hiyo kazi haina picha nzuri lakini mche uliozongwa na wavu wa nailoni unakufa hata kama ulipandwa na waziri.

Adabu za mji: Gazi ni mji wa Waislamu, Wadigo na Waswahili wengine, kina mama mje na leso za kujifunga juu ya hizo suruali, mkikuta wazee barazani salimieni kwanza, na Ijumaa adhuhuri msipange kitu. Picha za watu ombeni.

Nguo mbovu ndio nguo. Gambuti wacheni nyumbani, matope yanainyonya, unatoa mguu gambuti inabaki, mvae raba kuukuu zinazofungwa kamba mpaka juu, na msije mkaingia pekupeku kwa ushujaa kwa sababu mizizi ya mikoko ina chaza na chaza inakata nyama kabisa. Kofia, mikono mirefu ya kuzuia mbu na usubi, maji ya kunywa kwenye chupa za kurudi nazo. Mifuko ya nailoni ya kubebea vitu ilishapigwa marufuku tangu 2017, tusikumbushane.

Sasa kupanda kwenyewe. Mikoko iko aina nyingi, na ile inayoitwa mkoko wenyewe (ule wenye mizizi mirefu kama miguu ya buibui) mbegu yake inaota ikiwa bado juu ya mti, inarefuka mpaka nusu mita na zaidi, kisha inaanguka. Ile iliyokomaa utaijua kwa pete ya manjano pale juu inaposhikana na tunda, ukiigusa inaachia yenyewe. Ikikataa iache, usiivute, ukiivuta umeua. Okota zilizoanguka lakini igeuze kila moja uitazame, ikiwa na kitundu kidogo au imelegea ukiiminya, kuna mdudu ndani, tupa. Ziwekwe kivulini kwenye gunia bichi na zipandwe mapema, zisishinde juani kwenye keria ya gari.

Kuna wageni wanaipanda juu chini. Kweli kabisa, wanaona upande mmoja mnene mmoja mwembamba, wanabahatisha. Upande wenye ncha nene ya kahawia ndio unaoingia chini, huko ndiko mizizi itatokea, na upande wa juu una kichomozi chembamba cha kijani, hapo ndipo majani mawili ya kwanza yatafunguka. Usiigongee kama msumari, matope yakiwa magumu toboa kwanza na kijiti, halafu iteremshe taratibu mpaka theluthi moja hivi iwe ndani, minya matope kwa kisigino pembeni yake, isimame wima, sogea mita moja, endelea. Mkiwa watu wengi nyoosheni kamba, la sivyo mtamaliza mmepanda kichaka hapa na uwanja pale.

Na sio kila tope ni la mkoko. Kila aina ya mti ina mahali pake: mbele kabisa kwa bahari ni mahali pa mlilana, nyuma yake mkoko, kisha muia na mkandaa, na huko juu kwenye chumvi kavu ni mchu, ambao mbegu yake ndogo aghalabu inaanzia nasari kwanza. Mtu akiwapeleka mkapande kwenye nyasi za bahari ati kwa sababu kuna nafasi kubwa, kataeni, pale ni malisho ya samaki na kasa na mkoko hautoki, utasombwa bamvua inayofuata. Sehemu iliyokauka kwa sababu njia ya maji imezibwa haitaki miche hata moja, inataka majembe, zibueni maji yapite na mbegu zitakuja zenyewe kutoka msitu wa jirani.

Kabla ya kuondoka wekeni vigingi kwenye kona za eneo lenu, andikeni idadi, na chagueni watu wawili wenu watakaorudi baada ya miezi mitatu kuhesabu. Kaa wanakata, matope yanafukia, ng'ombe na mbuzi wanakula mchu, kwa hivyo zingine zitakufa na zitarudishiwa. Wekeni nauli ya hao wawili kwenye bajeti tangu mwanzo, ipunguzeni kwenye pesa ya tishati.

Mchana ukibaki, kina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya msitu, mnalipa kiingilio, mnatembea bila kukanyaga tope, na mkiwaambia mapema watawapikia wali wa nazi na samaki. Mkiwa na siku ya pili, Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, iko karibu na Diani, unafungwa kaniki, ile nguo nyeusi, unaingia na mzee, na hakuna kutoka na kitu, hata jani, hata kijiti. Na njiani pale Diani inueni macho muone madaraja ya kamba juu ya barabara, ni ya mbega, wale nyani wa mkia mrefu, wavuke bila kugongwa na magari.

Walio Nairobi na hawana nauli ya pwani wasisononeke, Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, huwa na matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, mnakutana pale makumbusho ya taifa, darubini mkiwa nayo njoo nayo, ukikosa utaazimwa ya jirani mkishazoeana. Huko hakuna kuhesabu bamvua, cha kuhesabu ni foleni ya barabarani tu.