Beji za jeshi kwenye majaketi ya marubani: zisome kabla hujamwambia fundi azifumue

Wadau wa mitumba Kigoma, hasa nyie mnaofungua mabelo ya majaketi Mwanga na Kibirizi, ukikutana na jaketi la rubani lenye beji za jeshi usikimbilie kuzitoa. Najua watu wanapenda jaketi liwe plein ndo liuzike haraka kwa bodaboda wa alfajiri, ila zile beji ndo kitambulisho chake na wanaokusanya vitu vya zamani wanazilipia kweli, ukishazifumua umebaki na jaketi tu.

Anza na jaketi lenyewe, tafuta lebo shingoni au mfukoni kwa ndani. Ya Wamarekani huwa imeandikwa aina. A-2 ni ya ngozi, ilianza 1931 na jeshi likaacha kuiagiza 1943. G-1 ni ngozi ya wanamaji, kola ina manyoya. MA-1 ni ya nailoni, miaka ya 50 kuja juu, na ile ya miaka ya 60 kuendelea ina bitana ya rangi ya chungwa, rubani akianguka analigeuza ndani nje ili waokoaji wamwone. Kwenye lebo ukiona DSA 100-68-C, DSA ni ofisi ya manunuzi ya jeshi la Marekani na hiyo 68 ni mwaka wa mkataba, yani 1968, na ikiwa DLA, jina jipya la ofisi hiyohiyo, basi ni kuanzia 1977.

Sasa njoo kwenye beji, na hapa usiwe na haraka coz beji na jaketi lazima miaka yao ikubaliane. U.S. Air Force, jeshi la anga la Marekani, imeanza Septemba 1947, kabla ya hapo ilikuwa Army Air Forces, kwa iyo A-2 ya vita ya pili ikiwa na beji ya U.S. Air Force ujue hiyo beji imeongezwa baadae. Namba 8 ya dhahabu yenye mabawa, na nyota nyeupe yenye doa jekundu, kwenye duara la bluu, hao ni Eighth Air Force waliokuwa wanatokea Uingereza kwenda kupiga mabomu Ujerumani. Mkono wa chuma umeshika radi na tawi la mzeituni ni SAC, kamandi ya ndege za mabomu ya Marekani, 1946 hadi 1992, na TAC, kamandi ya ndege zao za kivita, nayo iliisha 1992 hiyohiyo. TFS ni kikosi cha ndege za kivita, miaka ya 90 mwanzoni wakaondoa T ikabaki FS, kwa iyo hiyo herufi moja tu inakupa umri. VF ni ndege za kivita za wanamaji.

Ukimaliza kusoma angalia ushonaji. Beji za zamani nyingi zilikatwa tu pembeni, uzi wa pamba, wakati ule ukingo mnene uliozungushiwa uzi umekuwa kawaida kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60. Nyuma kukiwa na gundi ngumu kama plastiki, au velkro, hiyo ni ya juzijuzi. Alafu inua kona ya beji taratibu uangalie chini yake, ngozi iliyokaa miaka na beji haipauki sawa na pembeni, sasa ukikuta rangi ni moja kote jua imeshonwa karibuni.

Kuna kingine, ile taa ya wakala ya kukagulia noti. Ingia gizani umulike, uzi wa pamba wa wakati wa vita hauwaki na uzi wa kisasa mara nyingi unawaka mweupe wa bluu. Ila sabuni za unga zinazong'arisha nazo zinafanya nguo ya zamani iwake, kwa iyo usihukumu kwa taa peke yake.

Jaketi lenye beji za nchi tatu na vikosi visivyohusiana, alafu lebo yake ni ya duka la nguo, hilo ni fasheni, liuze kwa bei ya fasheni bila kumdanganya mteja.

Na hili nalisisitiza sana. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 raia wasalimishe sare na nguo zinazofanana na za majeshi. Ya mabaka usiuze wala usivae, na la kijani lenye beji ulizia polisi kwanza kabla hujalitundika kibandani. Yale ya ngozi ya kahawia yapige picha mbele, nyuma, lebo na kila beji kwa karibu, ndo mteja wa mbali atakachokuomba kabla hajakutajia bei.