Mnatumwa umisheni nje mkiwa na watoto? Haya mambo yamalizeni mkiwa bado Dodoma

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naona saivi makanisa yetu huku kati yanatuma watu, wengine Malawi, wengine Zambia, na wengi wananiulizia Msumbiji kwa sababu sisi tulikaa Nampula na watoto. Mimi ni mke wa mmisionari kwahiyo nitaongea upande wa familia zaidi, maana baba huwa anaandaliwa vizuri tu, anapelekwa chuo, anafundishwa kuhubiri na kupanda kanisa, alafu mama na watoto wanaambiwa fungeni mabegi. Kumbe kinachorudisha watu nyumbani kabla ya muda mara nyingi ni mambo ya nyumbani kwao, mahubiri hayana shida.

Anzeni na wazee wa pande zote mbili. Sisemi kupiga simu, nasema nendeni, iwe Chamwino iwe Bahi iwe Kongwa, mlale huko, mkae nao muwaambie mnaenda wapi, kwa muda gani, nani atampeleka bibi hospitali, shamba la uwele atalima nani na ng'ombe watabaki kwa nani. Mama yangu mzazi alituuliza swali moja tu, mtoto akiugua usiku huko nani atakuwa shangazi yake? Hilo swali nawapa na nyie mlipeleke kwa kanisa linalowapokea, liwatajie familia moja ya huko, jina na namba ya simu, watu ambao mnaweza kuwagongea mlango saa nane usiku, na muongee nao kabla hamjapanda basi. Kanisa likisema "mkifika tutaona" msiondoke kwanza.

Sasa hela. Hapa nakaa kidogo maana ndio panaumiza wengi. Makanisa yetu yanapenda ahadi ya kila mwezi, elfu tano, elfu kumi, na kwa mwalimu au mtumishi wa serikali hapa mjini ni sawa kabisa, mshahara unaingia. Lakini muumini wa Mvumi au Hombolo mvua yake ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na hela anaiona akishavuna. Huyo ukimwandikia ahadi ya kila mwezi, mwezi wa pili hana, wa tatu hana, anaanza kuona aibu, akikutana na mhazini anapita njia nyingine, na mwisho hata kuwaombea anaacha kwa sababu kila akiwakumbuka anakumbuka deni. Mimi hili linaniuma sana maana wale ndio waombaji wetu. Gaweni watu kwa namna hela zao zinavyokuja: wa mshahara kila mwezi, wa alizeti na karanga mara moja baada ya mavuno, wa zabibu mara mbili kwa mwaka kwa vile zabibu zinavunwa mara mbili. Anayetoa gunia pokeeni gunia, mhazini alitunze vizuri lisiingie wadudu aliuze Januari bei ikiwa imepanda, asiliuze mwezi wa saba wakati kila mtu anauza. Zote ziingie akaunti moja ya kanisa yenye watia saini zaidi ya mmoja, alafu nyie mtumiwe kiasi kilekile kila mwezi. Na msiondoke mpaka iwepo ya miezi sita mkononi, hata kama watu wanasema mnakosa imani.

Pembeni ya hiyo muwe na mfuko wa msiba. Ndiyo, msiba, tuongee wazi. Nampula kuja Dodoma kwa basi ni siku kadhaa, kuna mpaka, kuna barabara za vumbi na matope, na misiba yetu huku haisubiri hivyo. Kaeni na ukoo mkubaliane mapema, akifariki mzazi anarudi nani, akifariki mjomba inakuwaje, nani atasimama kwa niaba yenu na kutoa mchango wenu siku ileile. Mkishasema mapema watu wanaelewa, ila mkikaa kimya ukoo utasema mmewadharau, na hilo jeraha linakaa miaka. Nauli hiyo isiguswe kwa kitu kingine hata kodi ya nyumba.

Makaratasi nitapita haraka. Kila mtoto pasipoti yake hata anayenyonya, na pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa cha RITA kwahiyo anzieni hapo maana ndipo watu wanakwama. Cheti cha ndoa, kadi za kliniki, ripoti za shule, vyote mvitafsirishe Kireno kwa mtafsiri anayetambulika. Chanjo ya homa ya manjano chomeni mapema, kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Viza na kibali cha kukaa viulizeni ubalozini kwao, msiulize mtu aliyepita zamani.

Malaria mama wenzangu naomba mnisikilize. Dodoma yetu malaria ni kidogo ukilinganisha na mikoa mingine, watoto wetu wanakua bila kuizoea, na kaskazini ya Msumbiji malaria ipo nyingi sana. Mtoto wa Dodoma akishikwa kule anazidiwa haraka. Kila homa ni kupima siku hiyohiyo, usimpe panadol ukasubiri asubuhi. Vyandarua bebeni vya kutosha vitanda vyote, na bajeti ya matibabu iwe taslimu kwa sababu bima ya huku haiwatibu kule.

Lugha, asijifunze baba peke yake. Nampula majirani wanaongea Kimakua, shule na ofisi nyingi ni Kireno, na Kiswahili mtakisikia zaidi ukanda wa pwani huko juu mkoa wa Cabo Delgado. Anayeenda sokoni, kliniki na shuleni ni mama, sasa akiwa bubu nyumba nzima inakuwa bubu. Kwenye bajeti muandike ada ya mwalimu kwa wote wawili, na muanze mkiwa huku. Watoto watawapita wote baada ya muda mfupi, ila bebeni vitabu vya Kiswahili vya darasa lao na wasome jioni, maana mkirudi wataingia darasani hapa hapa. Chakula kisiwape hofu, ugali upo wa mahindi na wa muhogo, kisamvu wanakitwanga na kukipika na karanga na nazi kitamu mno. Mlenda wa kukausha ndio mfunge mwingi, huo sikuupata.

Usalama, kule Cabo Delgado mashambulizi ya wanamgambo wenye silaha yalianza Oktoba 2017 na hayajaisha, kwahiyo kanisa la wenyeji likisema wiki hii msisafiri, msisafiri, wao wanajua kuliko mwenyekiti wa kamati ya umisheni aliyeko Area C. Na picha za waumini wa huko msizirushe hovyo.

Taarifa kwa kanisa nyumbani tumieni sauti ya wasapu, dakika tatu nne, ichezwe ibadani, watoto nao wasalimie bibi zao. Semeni na magumu pia, mtoto kukosa marafiki, mama kulia, watu wataomba wakijua cha kuombea.

Na baba mchungaji kama unasoma hapa, familia ikija likizo usiwapangie kuzunguka mitaa yote kila Jumapili. Wape wiki mbili za mwanzo walale, waende kijijini kwa wazee, watoto wacheze na binamu zao, ndipo uitishe ripoti.