Kuhamishia Kazi ya Ujenzi Dodoma Ukitokea Tabora: Mwongozo kwa Fundi Mwenye Kikosi Chake

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Katikati hapo Serikali ilihamia, na mwaka 2018 mji ukapandishwa kuwa jiji. Ndiyo maana kila kijiwe cha mafundi hapa Tabora, uwe Ipuli au Ng'ambo, hakikosi mtu wa kukwambia "Dodoma kuna hela". Hela ipo, sibishi. Ila ukienda na bei zako za Tabora kama zilivyo, utawajengea watu nyumba nzuri halafu uanze kupiga simu nyumbani kuomba nauli ya kurudi.

Ninayoyaandika hapa yanamhusu fundi anayejenga nyumba za watu binafsi, mwenye mafundi wawili watatu na vibarua wake. Mwenye kampuni kubwa ana mhasibu, atamuuliza yeye.

Hatua ya 1: Funga kazi za Tabora kwa maandishi

Boma uliloliacha kwenye lenta litakufuata popote. Pita kwa kila mteja, mkubaliane kazi inaishia wapi, nani anadai nini, muandikishane na wote mtie saini. Kama kuna kazi unamwachia fundi mwingine, mkabidhi mbele ya mwenye nyumba.

Pangilia pia na majira. Wateja wetu wengi wa Urambo, Kaliua na Sikonge hushika hela baada ya masoko ya tumbaku, na hapo ndipo simu zinapoanza kuita. Ukiondoka wakati huo unakimbia mavuno yako mwenyewe. Dodoma nako mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo msingi utachimbwa kwa raha kuanzia Mei na kuendelea. Mimi ningetanguliza safari ya kukagua mwezi wa tano, kikosi kikabaki huku kikila kazi za tumbaku.

Hatua ya 2: Nenda peke yako, ukaangalie udongo

Hapa usiwe na haraka. Zunguka maeneo yanayojengwa: Nzuguni, Iyumbu, Nala, Msalato, Ihumwa hadi Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Usiangalie nyumba zilizokamilika tu. Tafuta za miaka mitatu minne, uangalie pembe za madirisha na pale ukuta unapokutana na jamvi. Ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha unakueleza habari za chini kuliko dalali wa viwanja.

Dodoma ina udongo wa aina nyingi. Kwenye miinuko yenye mawe msingi haukupi shida. Mabondeni utakuta mfinyanzi mweusi, ule wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Sisi tuliozoea kichanga cha Tabora tunaweza kuuona ukiwa mkavu, mgumu kama jiwe, tukadhani tumepata ardhi ya maana.

Kuna kipimo cha fundi unachoweza kukifanya mwenyewe. Chimba shimo mpaka kina utakachoweka msingi, chukua udongo wa chini kabisa, uanike ukauke vizuri, utwange na uchekeche. Chukua chupa nyembamba ya kuonekana ndani, mimina udongo mkavu kiasi cha vidole viwili, piga alama kwa kalamu ya wino. Jaza maji, koroga hadi udongo wote ulowe, kisha iache itulie mpaka kesho yake muda uleule. Udongo ukitulia palepale kwenye alama au juu yake kidogo, endelea na mipango yako. Ukipanda juu ya alama kwa nusu ya kimo chake cha mwanzo au zaidi, usimpe mteja bei ya msingi siku hiyo. Mwambie anahitaji mhandisi apime, kwa sababu pengine hapo patahitajika kuchimba na kujaza kifusi kingine, au msingi wa nondo tofauti kabisa na tuliouzoea. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara. Kinakuzuia tu usitaje bei kwa kubahatisha.

Jingine: Dodoma iko kwenye mkondo wa Bonde la Ufa na matetemeko madogo husikika. Lenta ya kuzunguka nyumba nzima, nondo zikiwa zimefungana vizuri kwenye kona, si mahali pa kubana matumizi hata mteja akinung'unika.

Hatua ya 3: Piga bei upya, kuanzia sifuri

Tabora tumezoea tofali za kuchoma, tena mteja mara nyingi anazo tayari. Dodoma utajenga zaidi kwa tofali za saruji za inchi 6. Ukizisimamisha, mita moja ya mraba inakula kama tofali 10 ukihesabu na za kuvunjika. Ukizilaza, kama unavyofanya kwenye msingi, inafika 14 au 15. Ukimtembelea mfyatuaji, usiulize bei kwanza, uliza mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa tofali ngapi. Akijisifu kwamba anapata zaidi ya 35, muage. Uliza pia zimemwagiliwa siku ngapi. Jua na upepo wa Dodoma vinanyonya maji haraka. Tofali isiyomwagiliwa angalau wiki moja inamomonyoka kona ukiishika tu.

Sasa gharama ambayo Tabora hukuwahi kuiona. Hapa kijana wako anatoka kwao asubuhi na jioni anakula kwao. Ukimhamisha, chakula na malazi ni juu yako. Tuchukue namba za mfano, wewe weka zako. Watu 6, chakula shilingi 5,000 kwa mtu kwa siku, siku 30: ni 900,000, maana Jumapili nayo wanakula. Vyumba viwili vya 60,000 ni 120,000. Jumla 1,020,000. Kikosi kina mafundi 3, kila mmoja na saidia wake, kila fundi anapanga tofali 120 kwa siku, na siku za kazi zenyewe mwezi huo ni 22. Hizo ni tofali 7,920. Gawanya: karibu shilingi 129 kwa kila tofali, kabla hujamlipa mtu hata senti ya ufundi. Ongeza nauli ya kuja na kurudi, ongeza siku za kusubiri vifaa, na maji. Maji usiyasahau. Uliza kila eneo kama bomba limefika au utanunua kwa boza, na andika kwenye makubaliano nani anayalipia.

Mtindo wa malipo nao unabadilika. Mteja wa tumbaku anaweza kukupa fungu kubwa mara moja kwa msimu. Mteja wa Dodoma mara nyingi ni mtumishi anayejenga kwa mshahara au mkopo, kwa hiyo atajenga kwa vipande. Kata kazi kwa hatua: msingi, jamvi, lenta, kupaua, lipu. Kila hatua ilipwe kabla ya nyingine kuanza, na uandike itakuwaje akisimama miezi miwili. Kikosi cha kutoka mbali kikikaa bure kinakula mtaji wako.

Hatua ya 4: Makaratasi

TIN yako haibadiliki. Kinachohama ni faili lako la kodi, kwa hiyo waarifu TRA. Jina la biashara la BRELA (wakala wa usajili wa biashara) linatambulika nchi nzima, rekebisha anwani tu. Usajili wa Bodi ya Makandarasi (CRB) nao unavuka mikoa, ila kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi, na ada ya mwaka isiwe na deni. Leseni ya biashara ndiyo ya kuomba upya, kwa sababu ile ya Manispaa ya Tabora haikupi ruhusa ya kufanya biashara Jiji la Dodoma. Maombi hupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri.

Kibali cha ujenzi ni cha mwenye nyumba lakini kikikosekana anayesimamishwa ni wewe. Omba kukiona kabla ya jembe la kwanza. Dodoma ni mji uliopangwa tangu enzi za CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017, na leo una Mpango Kabambe wa 2019 hadi 2039. Alama nyekundu ya X ukutani haimuulizi mtu ametoka mkoa gani.

Waandikishe vijana NSSF na kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mtu akidondoka jukwaani ugenini, hakuna shemeji wa jirani wa kumuuguza.

Hatua ya 5: Nani aende, nini kipakiwe

Ili kupunguza ile gharama ya watu 6 ya Hatua ya 3, anza na fundi wako bora na mmoja anayejua kupaua. Vibarua utawapata hukohuko, na watakuonyesha maduka na machimbo ya mchanga. Pakia mikisa, vaibreta, mashine ya kukatia nondo, pimamaji na timazi. Mbao na mirunda ya jukwaa iuze Tabora; ukisafirisha mazao ya misitu utadaiwa hati ya TFS (wakala wa misitu) njiani, na mirunda iliyojaa zege haistahili usumbufu huo.

Hatua ya 6: Kazi ya kwanza

Mteja atauliza, "Fundi, kazi zako ziko wapi nikazione?" Jibu la "Tabora" halimsaidii. Anza kwa kuchukua kazi ya mkono kwa mkandarasi mwenyeji: yeye analeta vifaa, wewe unaleta ufundi. Faida ni ndogo, lakini unapata ukuta wa kuonyesha. Wakati huohuo andaa video fupi za nyumba zako za Tabora, tangu msingi hadi rangi, na namba za wenye nyumba watatu waliokubali kupigiwa. Mama mmoja wa Cheyo akisema kwa simu kwamba bati zake hazijavuja tangu umalize, ameshakuuzia kazi.

Hatua ya 7: Tabora ibaki au ifungwe

Acha nyapara mmoja na laini ileile ya simu kwa misimu miwili ya tumbaku. Kazi zikiendelea kuja, lipia leseni zote mbili. Zikikauka, nenda Manispaa ukafunge biashara rasmi na uwape TRA taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, la sivyo utakuja kudaiwa ada na makadirio ya biashara usiyoifanya.